Manyuo au otomatiki kwa mtu wa Tanga anayepanda Lushoto?

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Mimi mwalimu, nakaa Makorora hapa Tanga na kila mwisho wa mwezi napanda Lushoto kumuona mama. Nimepata gari mbili bei karibu sawa, Carina TI ya manyuo, ile ya klachi na gia za mkono, na Premio ya 2004 otomatiki, cc 1800. Mume wangu anasema otomatiki inakula mafuta na mlima wa Soni haiuwezi. Leseni ninayo ila manyuo sijaizoea. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua Premio, ila kwa sharti ntakalokwambia huko chini.

Shemeji anaogopa kupanda, mimi naogopa kushuka. Kupanda, cc 1800 inapanda vizuri tu, gia inajitafutia yenyewe, na kwenye zile kona za Soni ukikutana na lori ukasimama huhangaiki na klachi na handibreki huku gari inarudi nyuma, hapo ndo mgeni wa manyuo anapochoma pleti ya klachi. Kasheshe ni kurudi. Watu wanaiacha kwenye D, ile ya kwenda mbele, toka Lushoto mpaka Mombo, kilomita kama 33 za kona, gia boksi ikiona gari inakimbia na hukanyagi mafuta inapanda gia ya juu, injini haishiki kitu, kazi yote zinabebeshwa breki, zinachemka mpaka unakanyaga na gari haisimami. Yalinikuta zamani, nilipaki pembeni ringi zinafuka moshi na watoto wako ndani, mpaka leo nikifika pale mwili unanisisimka.

Dereva wa manyuo anafundishwa mapema gia uliyopandia ndo ushukie. Premio nayo inaweza. Pembeni ya mpini wa gia kuna kitufe cha O/D, yaani ovadraivu, gia ya juu kabisa, kibonyeze mpaka taa ya O/D OFF iwake, hapo gia ya 4 umeifunga. Mteremko ukizidi punguza mwendo weka 2, pakali kabisa weka L, gia ya chini kabisa. Injini itanguruma, iache, ndo inakushikia gari. N, yaani gia ya bure, usiiguse mlimani, wanaosema inabana mafuta wanakudanganya, injini ya injekta ukiachia mafuta ikiwa kwenye gia inakata petroli yenyewe, ukiweka N ndo inaanza kunywa tena.

Mafuta kweli otomatiki ya aina hii inakula zaidi kidogo, maana nguvu inapita kwenye oili kabla ya kufika kwenye gia na nyingine inapotelea humo. Utaliona Ngamiani kwenye simama-nenda ya bajaji na baiskeli. Ukishatoka Muheza unaitafuta Segera kwa mwendo mmoja, hapo injini na gia boksi vinajifunga pamoja nguvu haipotelei tena kwenye oili, tofauti inakuwa ndogo.

Sharti sasa. Usilipe kabla hujaiendesha ikapata moto, halafu injini ikiwa inawaka gia iko P, ile ya kupaki, chomoa stiki ya oili ya gia boksi. Ikiwa nyekundu sawa, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua achana na hiyo gari hata wakikupunguzia. Toa P weka R ya kurudi nyuma, kisha D, ikichelewa kushika au ikakupiga teke kubwa, achana nayo pia. Na ukishainunua oili yake ya gia boksi ni aina inayoitwa T-IV, usikubali ya kubahatisha. Premio za 2007 kuja juu nyingi ni CVT, ndani mna mkanda wa chuma na zina oili yake tofauti, nimeona moja imekufa kwa sababu gereji fulani iliweka oili ya otomatiki ya kawaida, mwenye gari alilia na mimi iliniuma sana.

Carina TI ni gari nzuri mno, ungekuwa umezoea klachi ningekwambia chukua hiyo na tusingeandikiana marefu.

SWALI: Fundi, niko Pangani, otomatiki yangu betri imekufa. Niisukume iwake?

JIBU: Haitawaka kaka. Pampu ya oili ya gia boksi inazungushwa na injini, injini ikizima hakuna presha, mzunguko wa tairi haufiki kwenye injini. Tafuta waya za kuazima moto kwa mwenzio. Ukilazimika kuivuta na ni ya kuvuta mbele, tairi za mbele zinyanyuliwe, usiiburuze kwa kamba mpaka Tanga.