Swichi inakata kila asubuhi: niweke kubwa zaidi?

SWALI: Nyumbani kwetu Moshono, Arusha, swichi ya usalama kwenye boksi la umeme inakata karibu kila asubuhi watoto wakioga maji moto, na mvua ikinyesha inakata hata usiku. Fundi wa mtaani anasema swichi ni dhaifu, haibebi mzigo wa hita. Anataka aweke ya ampia 63, au airuke kabisa, umeme upite bila swichi. Nimkubalie? – Mama wa watoto wawili

JIBU: Usimkubalie, mama. Na kama ameshairuka, zima hita leo, asioge mtu kwayo.

Hilo la "haibebi mzigo" nalisikia kila wiki hapa Moshi, na hakuna linaloniudhi kama hilo. Swichi hii haipimi mzigo. Mfugaji akihesabu ng'ombe wanapotoka bomani asubuhi na wanaporudi jioni, wawe kumi au mia, anachotaka ni hesabu ilingane. Ndivyo ilivyo swichi yako. Umeme uliotoka kwa waya wa laivu lazima urudi wote kwa nyutro. Ukipungua, kuna mahali umechepukia: bomba, ukuta uliolowa, au mwili wa mtu. Hita ya kilowati 5.5 inavuta kama ampia 24 na swichi inatulia tuli. Upotevu wa miliampia 30, yaani fungu moja kati ya 800 ya umeme huo, unatosha kuikata.

Isome usoni, ina namba mbili. Ampia 40 au 63 ni kiasi inachoweza kupitisha bila kuungua. Ile 30mA ndiyo inayoamua kukata. Ukinunua ya 63 yenye 30mA ileile, kesho asubuhi itakata vilevile na hela imekwenda. Akikuletea ya 300mA itanyamaza, na hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu hiyo ni ya kukinga nyumba isiungue, haimkingi mtu.

Kwako nahisi kuna hitilafu mbili. Acha hita imezimwa kwenye swichi yake ya ukutani kwa siku mbili. Asubuhi zikipita salama, kosa liko upande wa hita: huenda koili imepasuka na maji yanagusa umeme. Ya mvua itafutwe nje: taa za ukutani, soketi ya barazani, pampu. Kushusha breka, zile swichi ndogo za kila laini, moja moja kunasaidia, ila kunadanganya pia. Breka nyingi za majumbani hukata laivu peke yake, kwa hiyo nyutro iliyogusana na ethi, waya wa kwenda ardhini, itaendelea kuiangusha swichi hata breka ya upande huo ikiwa chini. Vishoka wengi wanashindwa hapo, kisha wanaisingizia swichi. Tafuta fundi mwenye mega, kipimo kinachoonyesha kama waya unavujisha umeme. Atachomoa vifaa vyote na kupima kila laini kwa volti 500. Laini inayosoma chini ya megaohimu 1 ndiyo yenye ugonjwa. Asiye na mega anabahatisha kwa hela yako.

Niliitwa nyumba moja kule Pasua. Kufungua boksi, nakuta vipande viwili vya waya, urefu wa kidole, vimeunganisha juu na chini ya swichi. Swichi imeanguka, taa zinawaka. Mlangoni mwa bafu kulikuwa na ndala za mpira. Mama mwenye nyumba akaniambia ni za kuvaa kabla ya kufungua bomba, maana "linapiga shoti kidogo". Watoto walikuwa wameshazoea.

Hakuna shoti kidogo bafuni. Mwili uliolowa ukishika umeme wa volti 230 hupitisha kama robo ampia. Kwa breka ya ampia 32 hicho si kitu, haitakata, wakati moyo unaweza kuvurugika kwa umeme mdogo kuliko huo. Aliyeiruka swichi yako amekuachia breka peke yake, na breka haimjui mtu.

Ninyi wengine mnaosoma hapa, kama bafuni kwenu kuna ndala za namna hiyo, tokeni mkafungue boksi leo. Fundi yeyote atakayewaambia airuke, mwombeni leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajashika bisibisi. Kisha bonyezeni kile kitufe cha T kwenye swichi. Isipokata, au ikikata taa zikabaki zinawaka, zimeni meinswichi na mwite fundi siku hiyohiyo.