Re: Kituo kimekubali vipindi 13, niombe muda nirudie cha kwanza?

Mkuu, hiyo barua ya kuomba miezi miwili usiitume. Kama imeshaondoka, wapigie simu asubuhi uwaambie mtoto alikuwa anachezea kompyuta.

Nimesoma uzi wako mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani nimeuandika mimi. Kituo cha televisheni kimekubali vipindi 13 vya katuni yako, kila kimoja dakika 11, viwili umepeleka na vimepokelewa, sasa umekiangalia cha kwanza ukaona aibu. Unataka kukichora upya kiwe "cha kimataifa" na wakusogezee tarehe. Halafu unamtolea mfano John Kricfalusi, aliyebuni Ren na Stimpy, ile katuni ya mbwa na paka, kwamba naye alikataa kulipua kazi, wakamnyang'anya, lakini historia inamkumbuka. Umeuliza pia programu, kompyuta na malipo ya wasanii wa sauti. Hayo nitayafikia.

Historia inamkumbuka, sawa. Basi tuisome yote, tusiishie pale panapotupendeza.

Nickelodeon, kituo cha watoto cha Marekani, walizindua katuni zao tatu za kwanza siku moja, tarehe 11 Agosti 1991: Doug, Rugrats, na The Ren & Stimpy Show. Kricfalusi ni Mkanada aliyezunguka kwenye studio za Marekani miaka ya 1980, akachoshwa na katuni ambazo mwili umeganda na mdomo peke yake ndio unaocheza. Yeye na wenzake wa Spümcø, studio yao, walitaka sura isirudiwe. Ren akikasirika leo, uso wake usiwe ule wa jana. Kazi ilikuwa nzuri, na hapo sitaki ubishi. Katuni nyingi zilizokuja baadaye zimechota humo.

Lakini msimu wa kwanza ulikuwa vipindi 6 vya nusu saa. Sita! Navyo vilichelewa, kituo kikawa kinarudia vya zamani huku watu wanadai vipya. Bajeti ikapitilizwa. Juu ya hayo ukaja ugomvi wa maudhui, hasa kile kipindi cha Man's Best Friend ambamo Ren anamtwanga bwana wake George Liquor kwa kasia. Nickelodeon hawakukirusha. Septemba 1992 wakamwondoa Kricfalusi mwenyewe, mwaka na mwezi mmoja tu tangu onyesho lianze.

Sasa angalia kilichofuata, maana ndicho kinachokuhusu. Katuni haikufa. Wahusika walikuwa mali ya Nickelodeon kwa mkataba, kazi ikahamia Games Animation, studio yao wenyewe, na aliyekabidhiwa usukani ni Bob Camp, mmoja wa waanzilishi wenzake wa Spümcø. Sauti ya Ren, ambayo Kricfalusi alikuwa akiifanya mwenyewe, akapewa Billy West, aliyekuwa tayari anamfanya Stimpy. Wakaendelea hadi 1995. Yaani mbwa wake, paka wake, rafiki yake, vyote vilibaki kazini. Aliyetolewa ni mmoja.

Mashabiki wengi huishia hapo, wanafunga kitabu wanasema dhuluma. Na mimi niliishia hapo. Ningeendelea ningekuta kwamba mwaka 2003 kituo kingine, Spike TV, walimpa tena Ren na Stimpy, safari hii kwa watu wazima, bila kubanwa kama zamani. Vikachelewa tena. Vipindi vipya vitatu vikarushwa, onyesho likatolewa hewani. Mwaka 2012 akachangisha mashabiki kwenye Kickstarter, mtandao wa michango, zaidi ya dola 100,000, kwa ajili ya katuni moja fupi, Cans Without Labels, ya huyo huyo George Liquor ambaye ni mhusika wake mwenyewe. Safari hiyo hapakuwa na kituo wala bosi wala mkataba wa kumnyonga. Katuni ikawafikia waliochanga mwaka 2019. Niambie hapo nani alimdhulumu.

Na usimfanye shujaa wa wasanii hata kidogo. Mwaka 2018 wanawake wawili walieleza hadharani jinsi alivyowaandama tangu wakiwa wasichana wadogo wenye ndoto ya kuchora, na wakili wake akakiri kwamba aliwahi kuwa na mpenzi wa miaka 16. Hapo ndipo milango iliyobaki ilipofungwa, na haihusiani na ubora wa mchoro. Ukitaka mfano, mchukue Jim Jinkins, aliyebuni Doug, aliyeanza naye siku ile ile, kituo kile kile. Alipeleka vipindi vyake, walipomalizana na Nickelodeon akaondoka na mtoto wake wa kuchora, na mwaka 1996 Disney wakanunua kampuni yake, Doug akarudi hewani kupitia kituo cha ABC. Hakuna anayemwandikia nyuzi za kumlilia, maana hana cha kuliliwa.

Sasa yangu.

Katuni yangu ilikuwa ya kuku anayeendesha bajaji. Cheka, nimezoea. Kituo kikaipenda, mdhamini wa juisi akapatikana, tukasaini, ianze kurushwa likizo ya Desemba watoto wakiwa nyumbani. Vipindi vya kwanza vikapokelewa bila neno. Mtu mwenye akili angeendelea na kinachofuata. Mimi nikakaa usiku nikakirudia kuangalia cha kwanza, nikaona kwenye ile mbio ya bajaji mabawa ya kuku yamekakamaa. Nikasema nirekebishe mabawa tu.

Mabawa yakanyooka, mandhari ya nyuma yakaonekana mabaya. Nikachora mandhari. Kipindi cha kwanza kikapendeza mno hata cha pili kikaonekana kimetengenezwa na mgambo, nikakivunja nacho. Fanya hesabu ambayo sikuifanya: ukichora michoro 12 kwa sekunde, dakika 11 ni michoro 7,920. Hata ukitumia mhusika uliyemkata viungo kwenye kompyuta, ukawa unamsogeza mkono bila kumchora upya, bado kila sekunde inakudai mtu wa kuikalia. Na zile sekunde nilizokuwa nazilipia zilikuwa zimeshalipwa! Nilikuwa natumia fedha za kipindi cha tano kununua upya kipindi cha kwanza ambacho mnunuzi ameshakichukua na kushukuru.

Kisha nikabadilisha maneno kidogo, midomo ikakataa kulingana na sauti. Tukamwita yule kijana aliyemfanya kifaranga arekodi upya. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya baba mkwe. Sauti imevunjika, mkuu! Kifaranga kimebalehe! Ikabidi tutafute mtoto mwingine na kurekodi maneno ya kifaranga ya vipindi vyote, hata vile ambavyo sikuwa na shida navyo.

Desemba ikafika. Daladala haimsubiri abiria anayepiga pasi shati. Mdhamini akahamishia fedha zake kwenye mpira. Kituo kikafungua mkataba ukurasa ambao mimi niliuruka nikitafuta ukurasa wa malipo, na pale pameandikwa kwamba mtayarishaji akipitisha siku 14 baada ya tarehe ya kuwasilisha, kituo kina haki ya kuikamilisha kazi kwa namna kitakavyoona inafaa, kwa kutumia michoro na sauti zilizokwisha lipiwa. Wakaikamilisha. Wachoraji waliowatumia ni vijana wangu, niliowafundisha mwenyewe kushika kalamu ya kompyuta, na siwalaumu, kodi ya chumba hailipwi kwa uaminifu. Kuku yuko hewani. Mabawa yamekakamaa vile vile kama yalivyokuwa mwanzo, na hakuna mtoto hata mmoja aliyelalamika. Jina langu linapita mwishoni kabla hujameza mate.

Aliyeniponza simtaji. Alikuja kutufundisha kwenye semina ya posho, akatuwekea Ren na Stimpy ukutani, akasema mchoro usioupenda usikubali ukutoke mkononi. Ukumbi mzima makofi. Nilipoanza kuchelewa nikamwandikia kumuuliza nifanyeje, akanijibu, "Wakubwa husubiriwa." Mkuu, mimi wakati ule wa kunisubiri alikuwa mwenye nyumba peke yake, tena alikuwa anasubiri mlangoni. Na yule bwana mpaka leo hajawahi kurusha hata tangazo la sekunde 30. Bado anafundisha. Nimeona bango lake la semina nyingine wiki hii, ndiyo maana naandika kwa hasira, mnisamehe wadau.

Kwa hiyo kanuni ni moja: kipindi kilichopokelewa hakiguswi. Aibu ya cha kwanza kalipie kwenye cha nne. Mikono imekakamaa? Mchore mhusika vizuri kuanzia kipindi kijacho, mtazamaji ataona katuni inakua, atafurahi. Usirudi nyuma hata kwa rangi ya viatu.

Kuna mdau hapo juu kasema kitakachokutofautisha ni ubora. Kweli, lakini ubora wenyewe uko kwenye kipindi cha tatu ambacho hakijaonekana. Mwingine kakushauri ukasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kasajili, ni vizuri, ila kama mkataba ulioutia saini umekipa kituo wahusika wako, cheti hakiwarudishi. Hilo lilikuwa la kubishania kabla ya saini. Leo kinachoweza kukung'ata ni ukurasa wa kuchelewa. Utafute usiku huu. Unaweza kuwa na kichwa cha "uwasilishaji", "ukamilishaji" au hata "mengineyo", wa kwangu ulijificha kwenye mengineyo.

Ukiona kweli vipindi 13 hutaviweza, usiombe muda, omba idadi ipungue. Waambie ukweli mapema, kwamba utaleta 8 kwa tarehe zile zile. Mpanga ratiba anaweza kujaza nafasi ya vipindi vitano anavyojua havitakuja. Asichoweza ni kupanga na mtu anayesema "karibu namaliza". Na kila kipindi unachopeleka, dai barua pepe ya kukiri wamekipokea na wamekikubali, yenye tarehe. Siku wakianza kukwambia umechelewa, hiyo ndiyo ya kuwawekea mezani. Mimi nilikuwa napeleka kwa flashi na kuagana kwa kupeana mikono.

Kuhusu programu, baki na hiyo hiyo uliyotumia kwenye viwili vya kwanza, hata kama ina mdudu unaoujua. Ukihama sasa utapata sababu mpya ya kurudia vya zamani. Wasanii wa sauti, kama kuna mtoto kati yao, warekodi vipindi vyote vilivyobaki mwezi huu kabla hajaota ndevu.

Ila niambie kwanza kipindi cha tatu kimefika wapi. Hukukitaja popote kwenye uzi, na hilo ndilo limeniogopesha. Piga picha ukurasa wa tarehe za kuwasilisha, funika majina, uniwekee hapa, niko macho.