Ukijulishwa mapema kuhusu moyo wa mtoto

Pole sana, dada. Umesema uko Dodoma, mimba ina wiki 24, kipimo kimeonyesha mishipa mikuu ya moyo wa mtoto imebadilishana nafasi, na mama mkwe anauliza ulikula nini. Hukula chochote kibaya. Moyo hujiumba wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi bila sababu inayojulikana.

Humo tumboni mtoto anapata oksijeni kupitia kondo lako. Hatari inaanza akizaliwa, kwa sababu kuna kimshipa kidogo kinachochanganya damu yenye oksijeni na isiyo nayo, nacho hujifunga ndani ya siku chache. Dripu ya dawa iitwayo prostaglandini hukiacha wazi hadi upasuaji, ambao kwa kawaida hufanywa wiki za kwanza za maisha. Asiyejulikana mapema huweza kuzidiwa kabla hata hajafika kwa daktari wa moyo. Wako anajulikana, na hilo ni jambo kubwa mno.

Kwa hiyo usijifungulie mbali na wataalamu wa moyo. Omba rufaa sasa, uonwe Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, na uwaulize waziwazi: upasuaji huu utafanyika wapi, nani atakuwepo nikijifungua, bima inalipa nini? Nenda na mumeo. Na kulia, lia tu, dada yangu.