Nilivyourekebisha mpira uliokuwa ukipinda kulia

Kwa miaka minne nilicheza gofu katika uwanja wa Kitante, Kampala, nikisumbuliwa na tatizo lile lile: kila nilipopiga kwa draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira ulipaa vizuri, kisha ukapinda kulia na kupotelea mitini. Wenzangu walinishauri nisimame nikielekea kushoto zaidi ili kuufidia upindaji huo. Walinitakia mema, lakini ushauri huo ulinizidishia tatizo, nami nitaeleza sababu yake kwa kirefu, kwa kuwa naona wanaoanza wakielekezwa njia hiyo hiyo.

Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, mpira hupinda kulia iwapo, fimbo inapougonga, uso wake, yaani sehemu inayougusa mpira, umefunguka kulia ukilinganishwa na njia inayopitia fimbo. Mpira huanza safari karibu na upande ambao uso wa fimbo unatazama. Tofauti iliyopo baina ya uso na njia ndiyo inayoupa mzunguko wa kuupindisha. Nilipogeuza mwili kushoto, mabega yaliivuta fimbo ipite kwa ukali zaidi kutoka nje kuja ndani, yaani kutoka upande wa mbali nami kuja upande wangu, ilhali mikono iliendelea kuuelekeza uso kwenye shabaha. Tofauti ikapanuka, na mpira ukapinda kuliko awali. Entebbe, ambako upepo wa mchana hutoka Ziwa Victoria, mpira wa namna hiyo ukipigwa kuelekea upepo hupotea kabisa.

Hatimaye nilimwendea mwalimu aliyeanza maisha ya gofu akiwa kedi, yaani mbebaji wa fimbo za wachezaji. Hakuniuliza mpira wangu huenda umbali gani. Aliniambia nishike fimbo ya chuma namba 7, akachukua kalamu, akachora mstari kwenye glavu yangu ya kushoto, kuanzia katikati ya kidole cha shahada hadi kwenye shina la kidole cha mwisho. "Ndugu yangu," akasema, "fimbo ilale hapa kwenye vidole, isilale kiganjani." Kisha akaugeuza mkono ule kulia kidogo, mpaka nilipotazama chini nikaona vifundo viwili vya vidole na sehemu ya cha tatu, na alama ya V baina ya kidole gumba na cha shahada ikaelekea bega langu la kulia.

Wiki tatu za kwanza mipira mingi ilikwenda kushoto, nami nilitamani sana kuurudia mshiko wa zamani. Mwalimu alinikataza. Alinieleza kwamba hiyo ilikuwa dalili njema: uso wa fimbo ulikuwa umeanza kufunga, na kilichobaki ni njia yake tu. Naamini wengi huacha mafunzo katika hatua hii, na ni hasara kubwa.

Kuhusu njia, aliweka boksi tupu la mipira nyuma kidogo ya mpira, upande wa mbali nami, ili fimbo ikishuka kutoka nje iligonge. Nililigonga mara sita mfululizo. Chanzo kilikuwa bega la kulia, lililotangulia kila nilipoanza kuishusha fimbo. Alinitaka nianze kwa kuhamishia uzito kwenye mguu wa kushoto, nyonga zigeuke, ndipo mikono ifuate. Tena kwa nusu ya mpigo, polepole, mwezi mzima bila kugusa draiva.

Ukijirekodi kwa simu, iweke nyuma yako kwenye mstari wa shabaha, usawa wa mikono, kwa sababu ikikaa pembeni itakuonyesha njia ambayo siyo. Nakusihi ufanye hivyo, kwani unachohisi na unachofanya hutofautiana sana: mimi nilihisi naipeleka fimbo mbali kulia, kumbe kwenye picha ilikuwa ndiyo kwanza inanyooka. Rekebisha jambo moja kwa wakati, na mshiko utangulie, maana mshiko mbovu huulazimisha mwili mzima kutafuta namna ya kuufidia.

Leo mipira yangu mingi huenda moja kwa moja, na handikapu, yaani idadi ya mipigo ya ziada anayoruhusiwa mchezaji kulingana na uwezo wake, imeshuka kutoka 24 hadi 17. Nikichoka, hasa kwenye mashimo matatu ya mwisho, lile bega hutangulia tena. Kesho yake asubuhi, nyasi zikiwa bado na umande, hurudi uwanja wa mazoezi na fimbo namba 7 na boksi tupu.