Ukitaka kujua kama membe wanapungua, tazama makinda

Kila kusi ikivuma nasikia maneno yaleyale kutoka Mkokoni hadi Kiwayu, huku pwani ya Lamu: membe, wale ndege wa baharini, hawajapungua, mbona visiwa bado vimejaa? Kujaa vimejaa kweli. Lakini kwa jinsi ninavyowafahamu ndege hawa, wingi wa wakubwa ndio kipimo kinachotudanganya zaidi.

Membe ana umri mrefu. Yule mwenye mkia wa panda, ambaye kifua chake hupata wekundu hafifu wa waridi msimu wa kutaga, anaweza kupita miaka 20. Huanza kutaga akiwa na miaka 3 hivi, tena yai moja au mawili tu. Sasa tuseme mayai yameokotwa kisiwa kizima, au panya wameingia, miaka 5 mfululizo. Wazazi watarudi vilevile, nawe utapita na mashua useme mambo ni shwari. Pengo litakuja kuonekana wazee wanapokufa na hakuna wa kushika nafasi zao.

Kwa hiyo usiende mara moja. Pita Julai wakiwa wameatamia, kisha rudi kuanzia mwisho wa Agosti utafute makinda. Utawajua kwa migongo yenye magamba ya kahawia, wamesimama ukingoni mwa maji wakilia kuomba chakula. Mtazame pia mkubwa anayepita na dagaa mdomoni bila kummeza: mwanzoni mwa msimu huenda ni dume anambembeleza jike, lakini baadaye huyo anapeleka kwa kinda. Ukikaa saa nzima usimwone hata mmoja, hapo pana jambo.

Wala usihukumu kwa kisiwa kimoja. Hifadhi ya bahari ya Kiunga, ambayo ndiyo yenye visiwa hivi, iliyotangazwa mwaka 1979, ina visiwa vidogo vya matumbawe vipatavyo 50, na membe huhama. Hapa mwaka huu, mwakani kwingine. Waulize manahodha wamewaona wapi, uandike tarehe, kisiwa na maji yalivyokuwa, bamvua (maji makubwa) au mafu (maji madogo). Wenzetu wa upande wa Malindi wamerahisishiwa kidogo, kwani wana kisiwa kidogo kiitwacho Whale Island pale mlangoni mwa hori ya Mida, na hapo huwatazama bila kuzunguka sana.

Yote haya fanya ukiwa chomboni. Nalisisitiza hili kwa sababu linaniuma: ukishuka, ndege wote huinuka kwa mpigo, na mayai hubaki juu ya mwamba mtupu, jua likiyachoma na shakwe wakiyanyemelea. Wakianza tu kuinuka, rudi nyuma.

Na wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, visiwani, tafadhali kung'uteni nyavu na magunia kabla ya kuondoka bandarini. Panya jike mmoja mwenye mimba anatosha kuharibu kisiwa. Mabaki ya samaki msiyaache huko, maana huwaita kunguru.