Wapya, Punguzeni Kwanza Hiyo Ratiba

Wiki hii mgeni mmoja wa kundi letu la mazoezi amenionyesha ratiba nyingine. Saa kumi alfajiri kuamka, kisha kutafakari, kuandika daftari, kukimbia, pushapu, kuoga maji baridi, kusoma kurasa ishirini, na hapo bado hajafika kazini. Imepakwa rangi, kila shughuli na yake. Mwenye nayo hulala saa saba usiku, simu mkononi, na hajakimbia tangu amalize shule. Nikamuuliza, "Siku mtoto akiumwa, utafanya kipi kati ya hivi?" Akanitazama kama vile namwombea mabaya.

Wadogo zangu, nawapenda, ndiyo maana nagomba. Kila kundi jipya linakuja na yale yale. Haya, nisikilizeni.

1. Ratiba ipimwe kwa siku mbaya. Siku nzuri hata mvivu hupiga tizi. Chagua kiasi unachoweza kukifanya hata ukirudi umechoka na umegombana na bosi. Shirika la Afya Duniani linataja dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Wastani maana yake unaweza kuongea ila kuimba huwezi. Mwongozo wao wa 2020 uliondoa lile sharti la zamani kwamba kila kipande kifike dakika 10 ndipo kihesabiwe. Kwa hiyo ngazi ulizopanda kwa haraka zimo. Acheni kuzidharau.

2. Ile kauli kwamba tabia hujengeka kwa siku 21, isahauni. Kuna dada alinijia siku ya 22 kuidai tabia yake kama mtu anayedai chenji. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, kwenye utafiti uliochapishwa 2010, walikuta watu wanachukua siku 66 hivi kabla jambo halijawa la kujiendea lenyewe, na tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia 18 hadi 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Hilo la mwisho ningelijua mapema, ningekuwa na muundi mzima.

3. Mfululizo si Mungu. Nilikuwa na daftari la tiki. Kila usiku napiga tiki kwenye vijisanduku: kukimbia, kunyoosha viungo, kutafakari, shukrani. Ukurasa ukijaa bila pengo, naufungua tena na tena kuutazama tu. Basi muundi wa kulia ukaanza kuuma, chini kidogo ya katikati, sehemu ndogo unayoweza kuifunika kwa kidole. Wazoefu hapa tayari wamekunja uso. Maumivu ya kawaida ya misuli hutapakaa, hupanda siku ya pili au ya tatu, kisha huisha. Haya yalikaa sehemu moja na yalizidi kila nikikimbia. Tofauti hiyo niliijua, hata wengine nilishawafundisha. Lakini kisanduku kilikuwa kinasubiri.

Nikaanza ujanja. Nikahamishia mbio gizani ili nisionekane nachechemea. Nikafupisha njia, tiki ikabaki ileile. Kutafakari kukawa kukaa nimefumba macho nausikiliza mguu. Nyumbani mtu akinisemesha saa ya kukimbia ikikaribia, namjibu kwa ukali, halafu naingia chumbani kuandika kwamba naishukuru familia yangu. Usiku mmoja niliandika "nashukuru kwa miguu yenye nguvu" mguu wenyewe ukiwa juu ya mto, umekandwa kwa barafu. Nikapiga tiki.

Daktari alibonyeza pale kwa dole gumba, nikaruka. Mfupa ulikuwa na ufa uliotokana na kuchoshwa na mbio. Pumzi hujengeka mapema, mifupa na kano huchelewa, na mimi nilikuwa naongeza mwendo kwa kuitazama pumzi peke yake. Akaniuliza maumivu yalianza lini. Nikamtajia mwezi. Akauliza tena, nadhani alidhani nimekosea. Miezi ikapita sikimbii hata hatua, kisa niliogopa kukosa siku mbili tatu.

Hata leo kinachoniudhi kuliko mguu ni zile tiki. Ukilifungua daftari, siku ya uongo na siku ya kweli zinafanana kabisa. Siku hizi nina alama nyingine, herufi P, yaani pumziko, na inahesabika sawa na mbio.

4. Usingizi usikatwe ili kupata muda wa tizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Amka saa ileile hata wikiendi, toka upate mwanga wa asubuhi, na kahawa iishie mchana, kwa kuwa saa tano baadaye nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini.

5. Jambo jipya lifungwe kwenye lile ambalo tayari unalifanya: nikishapiga mswaki, nanyoosha mgongo. "Nitafanya baadaye" haina saa.

6. Akili. Mnaniambia, "Kutafakari kumenishinda, mawazo yanatangatanga." Yataacha lini? Kuyakuta yametangatanga na kuyarudisha kwenye pumzi ndiyo pushapu yenyewe. Dakika tatu zatosha. Daftari nalo si lazima liwe la shukrani. Kuna siku mimi huandika malalamiko matupu na nalala vizuri. Ila huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, hamu ya kila kitu ikaisha, msiniletee mimi wala msiongeze kilomita. Nendeni kwa mtaalamu.

7. Lile lengo la hatua 10,000 kwa siku lilianzia kwenye biashara ya kifaa cha kuhesabu hatua huko Japani miaka ya 1960. Kutembea ni kuzuri, lakini kuzunguka meza saa tano usiku kutafuta hatua 300 zilizobaki, hapana. Nani hao, mnajijua.

Kesho tunaanza saa kumi na mbili kamili, na kupasha mwili hakurukwi. Aliyelala saa nane abaki kitandani, nitamwandikia P mwenyewe.