Barua kwa mwanangu aliyepanga chumba Uyole

Kamwene mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikiwa na penseli mkononi. Unasema kwamba chumba ulichopanga hapo Uyole, Mbeya, ni cha futi 10 kwa 12, kitanda cha tano kwa sita kimekwisha kuingia, mabegi yamepandana juu ya kiti, vyombo vinalala kwenye ndoo, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya misumari, na ukuta wa upande wa mchago umeanza kuota ukungu mweusi. Kisha unaniuliza: "Mama, ninunue kabati la dukani kwa mshahara wa mwezi huu, au kuna namna nyingine?" Usinunue kabati. Namna nyingine ipo, nami nitakueleza, ila univumilie nikirefusha, kwa sababu mtu aliyeuza mbao hapa Mafinga kwa miaka 22 akiulizwa neno la mbao hajui kujibu kwa ufupi.

Anza na hesabu. Chumba chako kina futi za mraba 120, na kitanda peke yake kimechukua 30, yaani robo nzima. Kabati la milango miwili litachukua kina cha futi mbili kutoka ukutani, na milango yake itadai karibu futi mbili nyingine za kufungukia, ambazo hutaweza kuweka kitu chochote juu yake. Utakuwa umenunua nafasi ya nguo kwa kuuza nafasi ya kusimama. Jambo la pili nililipata kwa hasara yangu mwenyewe. Mwaka 1998, mimi na baba yako tukiwa wapangaji wa chumba kimoja, tulimwita fundi akatutengenezea kabati zuri la mninga, akaliunganishia humo humo ndani kwa gundi na misumari. Siku ya kuhama likagoma kupita mlangoni. Tulijaribu kulilaza, tukajaribu kulisimamisha kwa pembe, tukang'oa hadi fremu ya mlango, na mwisho baba yako akalikata katikati kwa msumeno huku mwenye nyumba akitutazama. Tangu siku hiyo sitengenezi kitu cha chumba cha kupanga ambacho hakifunguki kwa spana.

Lakini kabla hujashika msumeno, shughulikia ukungu, maana ukiuacha utakula kila utakachokihifadhi. Ukungu wa huku nyanda za juu una vyanzo viwili, na dawa ya kimoja haiponyi kingine. Chukua kipande cha nailoni ngumu chenye ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipo kuacha upenyo, kisha ukiache kwa siku mbili. Ukikuta maji upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe: pengine maji ya bati yanachuruzika na kurukia msingi, na hilo ni la mwenye nyumba kulitengeneza. Ukikuta maji upande unaotazama chumba, basi ni pumzi yako na mvuke wa chai na ugali unaokutana na ukuta wa baridi, hasa miezi hii ya Juni na Julai ambapo Mbeya hulala imejifungia madirisha. Mimi nashuku hili la pili, kwa kuwa umesema ukungu uko nyuma ya kitanda na kwenye kona tu, wala haupandi kutoka sakafuni. Sogeza kitanda inchi nne kutoka ukutani ili hewa ipite, fungua dirisha kila asubuhi hata kama meno yanagongana, na ufute ukungu kwa kitambaa kilicholowekwa kwenye maji yenye dawa ya klorini, dirisha likiwa wazi na bila kuichanganya dawa hiyo na sabuni ya chooni wala dawa nyingine yoyote, kwa sababu baadhi ya michanganyiko hiyo hutoa hewa ya sumu. Usipake rangi juu ya ukungu ulio hai, kwani utatokeza tena.

Sasa tuje kwenye mvungu. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sina ugomvi nao, ila nakuomba uiname kidogo tu. Pandisha kitanda kwa vipande vya mbao ya inchi nne kwa nne chini ya kila mguu, vilivyofungwa kwa bolti ili kisiteleze, hadi upate nafasi ya inchi 14 kutoka sakafuni. Chini yake tengeneza kreti mbili zinazovutwa kutoka upande wa wazi, kila moja ikiwa na upana wa futi mbili na inchi tisa na urefu wa futi mbili na nusu kwenda ndani. Ukipiga hesabu utaona kwamba ubao mmoja wa moja kwa nane wenye urefu wa futi 12 unatosha kuta nne za kreti moja na kukubakizia kipande cha futi moja na nusu, ambacho utakitumia kwa vishikio. Chini weka plaiwudi nyembamba, na chini ya plaiwudi pigilia vipande viwili vya mbao viwe kama reli. Magurudumu huyahitaji. Geuza kreti, chukua mshumaa mkavu, usugue zile reli kwa nguvu mpaka mbao ing'ae na mshumaa ubaki kama utando mweupe unaoukwangua kwa kucha. Kwenye sakafu ya saruji kreti iliyojaa mashuka itakuja kwa kidole kimoja. Kila miezi michache sugua tena. Toboa matundu manne ubavuni kwa ajili ya hewa. Nafasi itakayobaki nyuma ya kreti, kule gizani karibu na ukuta, iwe ya begi la safari na vitu vya mara moja kwa mwaka.

Nguo na vyombo vinahitaji kimo, na kimo ndicho kitu ambacho wapangaji wengi hukilipia kodi bila kukitumia. Fremu yako iwe ya mbili kwa mbili, urefu wa futi saba, upana wa futi nne na kina cha inchi 22, kwa sababu shati lililotundikwa kwenye henga linahitaji karibu kina hicho ili mabega yasikunjike. Weka nguzo sita, mbili zikiwa katikati, ili kila rafu ibebwe kila baada ya futi mbili. Ubao wa inchi moja ukiuachia futi nne wazi na kuupandishia masufuria na gunia la mchele, kabla mwaka haujaisha utapinda kama bembea. Kwa kila rafu panga mbao tatu za moja kwa sita ukiacha nafasi ya inchi mbili kati yake, nawe utapata zile inchi 22 barabara, tena hewa itapita kati ya nguo. Maungio yote yawe ya bolti na nati. Siku ukihamia kwingine, utaifungua kwa saa moja na kuipakia kwenye kirikuu pamoja na godoro.

Fremu ndefu namna hiyo haifai kusimama yenyewe. Vitu vizito viwe chini, na umwendee mwenye nyumba kwa heshima umwombe matundu mawili tu ya drili ya kuifungia ukutani, ukimwahidi kwamba siku ya kuondoka utayaziba na kuyapaka rangi. Watu hawa hawachukii tundu. Wanachukia msumari unaogongwa kwa nyundo na kubandua lipu kipande kikubwa kama sahani. Drili, pamoja na plagi ya plastiki ya kushikia skrubu tunduni, haifanyi hivyo. Usitoboe moja kwa moja juu ya swichi au soketi, wala chini yake, kwa kuwa nyaya za umeme hupita humo zikishuka kutoka darini.

Fimbo ya kutundikia henga iwe mwanzi. Kwa shangazi yako ipo mianzi ambayo haigemwi ulanzi tena, nami nitakukatia mmoja, lakini kwanza nitauloweka kwenye maji kwa wiki kadhaa na kuukausha kivulini, kwa sababu mwanzi mbichi una wanga mwingi ambao bungua huufuata, na utaanza kukuta unga mweupe juu ya mashati yako.

Kuhusu mbao zenyewe, hapa ndipo nitakaposema kama mfanyabiashara. Mbao za paini zitokazo mashamba ya Sao Hill ni nyepesi, zinapigika msumari bila kupasuka ovyo na bei yake inabebeka. Mlingoti, yaani mkaratusi, ni mgumu lakini hujipinda na kupasuka ukikauka, kwa hiyo uwaachie wajenzi. Ukinunua huko Mbeya badala ya kunisubiri mimi, usikubali mbao iliyotoka kupasuliwa juzi. Iweke shavuni: mbichi huhisi baridi kama ukuta wako, kavu haina baridi hiyo. Kisha ishike upande mmoja, ufumbe jicho moja, uitazame kwa urefu wake kama mtu anayelenga ndege, nawe utauona mpindo ambao muuzaji hatakuonyesha. Alama za bluu kwenye paini ni za kuvu, haziondoi nguvu ya mbao kwa kiasi cha kukudhuru, na waweza kuzitumia kudai upunguziwe bei. Mimi wananipunguzisha kila siku kwa sababu hiyo.

Lakini kuna mbao moja ninayokukataza kabisa, nayo ni ile yenye rangi ya kijani kibichi, ambayo imetiwa dawa kwa ajili ya paa. Utavutiwa nayo kwa kuwa imenyooka na mchwa hawaigusi. Kinachowafukuza mchwa ni dawa ambayo mara nyingi ina shaba, kromiamu na arseniki, na mahali pake ni kwenye kenchi chini ya bati, si pale unapoweka mchele, vikombe na shuka unayojifunika usoni. Vipande vyake vinavyobaki visiingie jikoni kuwashia moto, kwa sababu moshi na majivu yake ni sumu. Nimekwisha kuwaona vijana wakiokota vipande hivyo mbele ya banda langu ili wakapikie maharage, nikawapa vingine vya bure.

Urembo usikusumbue sana. Mbele ya fremu usiweke milango, weka pazia. Hapo Mwanjelwa kwenye mitumba utapata mapazia mazito, na ukipenda kitenge, mama yako anavyo. Pazia lining'inie kutoka juu kabisa hadi karibu na sakafu, kwa sababu pazia fupi hukigawa chumba vipande vipande. Rangi ya maji iwe nyeupe iliyoingia njano kidogo, kwa kuwa dirisha lako ni moja na siku za ukungu wa angani ni nyingi. Dada yako alipaka chumba chake zambarau akiwa Iringa, na saa tisa alasiri alikuwa anawasha taa. Lita moja huenea mita za mraba nane hadi kumi kwa mkono mmoja, nawe utapiga mikono miwili. Kioo kitazamane na dirisha.

Vikapu nitakutumia vinne vya milulu, vile vya akina mama wa Iringa, viwili vyenye mfuniko. Hivyo havipigwi jasho kama ndoo za plastiki, kwa hiyo vitunguu na soksi (katika vikapu tofauti, tafadhali) vitabaki vikavu. Ukipita Matema, kule Ziwa Nyasa, siku moja, nunua chungu kirefu cha Wakisi, wafinyanzi wa huko, ukiweke nyuma ya mlango kwa ajili ya miavuli. Kuanzia Novemba utanishukuru.

Jiko la mkaa lisiingie humo ndani, hata kwa kuota moto dakika kumi kabla ya kulala. Hewa yake haina harufu na watu hulala wasiamke. Mtungi wako wa gesi wa kilo sita ukae karibu na mlango, juu ya sakafu iliyo wazi, usifichwe nyuma ya pazia la fremu, kwa sababu gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na pazia litaizuia isitoke.

Ninachohitaji kutoka kwako ni vipimo. Ukuta wa kusimamishia fremu upime kwa futikamba mara tatu, chini, kiunoni na juu, kwa kuwa kuta za matofali ya kuchoma mara nyingi hazilingani, nami nitakata kwa kipimo kilicho kidogo zaidi. Pima pia upana wa mlango, na urefu kutoka sakafuni hadi dari. Nitumie kabla ya Alhamisi jioni, kwa sababu lori la jirani yangu linapita Uyole Ijumaa na dereva amekubali kubeba mbao zako juu ya mzigo wake, ila amesema hatasubiri mtu barabarani zaidi ya dakika tano.

Mama yako